Uwanja Niliouondoa kwenye Kalenda

Mmeniomba niandike kabla sijasahau, nami naandika upesi kabla ninyi hamjasahau kwamba mliniomba. Kwa miaka yote niliyoitumikia kamati ya mbio za magari na pikipiki ya mkoa wetu, kazi yangu ilikuwa kujibu swali moja tu: uwanja gani unastahili nafasi kwenye kalenda ya mwaka, na upi haustahili. Habari za vyeo na bahasha waulizeni waliozipata.

Watu wakisikia "mkaguzi wa viwanja vya mbio" hudhani nilikuwa nikizungushwa ndani ya gari la kasi na kofia ngumu kichwani. Nilizunguka kwa miguu. Nimemaliza viatu vingi kuliko matairi waliyomaliza madereva wa Lubumbashi, na hakuna aliyewahi kunipa kikombe.

Nilianza kwa bahati. Nilikuwa mpima viwanja, binti wa mtaa wa Makomeno, kazi yangu kunyoosha kamba kati ya majirani wanaogombania ukuta. Siku moja kamati ilikosa mtu wa kupima barabara ya mbio, na mmoja wao akakumbuka kwamba yuko mwanamke anayepima ardhi bila kuogopa kelele. Nikaambiwa nifike Jumamosi asubuhi kwenye uwanja mmoja wa udongo nje ya mji, kupita mtaa wa Karavia. Nikafika, nimevaa viatu vyeupe.

Aliyenipokea alikuwa mzee mwembamba aliyeegemea baiskeli, kofia ya kufuma kichwani, macho mekundu ya mtu aliyechomelea vyuma maisha yake yote. Huyo ndiye Mzee Ramazani. Ukoo wake ulitoka Maniema zamani, lakini yeye alizaliwa hapa mjini, mtaa wa Kamalondo, na karakana yake ya kuchomelea ilikuwa Kamalondo hadi mwisho. Kwenye kamati alikuwa mkaguzi mkuu. Aliniangalia kuanzia chini.

"We njo géomètre?"

"Ndiyo, papa, njo mi mwenye kupimaka."

"Na bile biatu?"

"Njo biatu byangu, papa."

"Leo njo siku yabo ya mwisho. Twende."

Alisema kweli. Udongo wetu mwekundu ukishaingia kwenye kitambaa cheupe hautoki, hata ufue kwa machozi.

Nilikuwa nimekuja na kamba yangu ya kupimia, tayari kuitandaza. Akanizuia. Kwake kupima kulikuja mwisho. Kwanza tulitembea uwanja mzima kinyume, kutoka mwisho kwenda mwanzo, maana mtu akitembea upande ule magari yanakokwenda huona barabara tu, na akitembea kinyume huona kila kitu kinachomngoja dereva aliyekosea. Kisha tukabisha hodi kwenye kila nyumba iliyokuwa karibu, tukasalimia, tukauliza nani mgonjwa, nani ana mtoto mchanga, ng'ombe wa nani hufungwa wapi siku ya Jumapili. Kisha akamimina maji ya chupa kwenye kila kona, tukachuchumaa kuangalia yanakimbilia wapi. Jua lilipokuwa utosini ndipo akatoa gurudumu lake la kupimia. Alilitengeneza mwenyewe kwa gurudumu la baiskeli na mpini wa bomba, na kipande cha bati kilichogonga kila mzunguko ukitimia. Nilikuja kulitumia gurudumu hilo maisha yangu yote ya kazi. Yale ya kisasa yenye namba zinazowaka tuliyonunuliwa baadaye yalikufa kwa vumbi, moja baada ya jingine, Mungu ayarehemu.

Siku hiyo alinifundisha maneno ambayo hamtayakuta kwenye kitabu cha kanuni. Nje ya kila kona lazima pawe na ardhi tupu, pana, isiyo na mti wala ukuta wala mtu, ili dereva akikosea atoke aingie humo, asimame, atukane kidogo, arudi. Kanuni ina jina refu la Kifaransa kwa jambo hilo. Mzee Ramazani alipaita mahali pa kuponea.

"Ngoie," aliniambia, kwa maana hilo ndilo jina langu, "kona haiuake bantu. Kenye kiko nyuma ya kona njo kinauaka. Uwanja yenye haina mahali pa kuponea, ata ikuwe muzuri namna gani, hapana tia ku calendrier."

Nikaandika kwenye daftari. Ningepaswa kuyaandika mahali pengine pia, lakini hilo linakuja.

Baada ya hapo tulizunguka pamoja miaka mingi. Nawapa viwanja vichache ili mjue kwamba hakuna uwanja usio na tabia. Kulikuwa na mzunguko wa mjini, ule wa barabara za lami katikati ya nyumba za zamani. Watazamaji waliupenda kwa sababu waliweza kutazama kutoka madirishani, wengine wakinywa chai yao. Tatizo lake lilikuwa mijakaranda. Maua yakianza kuanguka, lami hugeuka sabuni, na nimemwona bingwa wa mkoa akiingia kinyumenyume kwenye duka la mkate, taratibu, kwa heshima zote. Tuliuacha kwenye kalenda lakini tukauhamishia kwenye miezi ya baridi, kabla ya maua. Kulikuwa na ule wa kando ya kilima cha mabaki ya kiwanda cha shaba, tambarare, mpana, salama kabisa, ila vumbi lake lilikuwa jingi hata watu wa bendera tuliwaona kwa imani tu. Tuliutoa. Na ule wa kiwanja cha ndege cha zamani, mnyoosho mmoja mrefu hata dereva angeweza kula kitumbua kati ya kona na kona. Huo haukumuumiza mtu yeyote. Haukumfurahisha yeyote pia. Uwanja unaostahili ni ule unaomwuliza dereva swali gumu, kisha akijibu vibaya unamwacha arudi nyumbani akale. Mengine ni mapambo.

Sasa niseme juu ya uwanja wa kwanza, ule ulioniharibia viatu. Watu waliuita Kwa Ramazani. Mzee ndiye aliyeufungua, akiwa kijana, yeye na rafiki zake wa Kamalondo, kwa majembe na panga na greda waliloazimwa Jumapili moja na dereva mwenye moyo mwema. Hawakukata vichuguu. Mnavijua vichuguu vya kwetu, vile vikubwa vinavyozidi nyumba kwa urefu. Waliipitisha barabara katikati yake, ikawa inapinda pale kichuguu kilipotaka ipinde. Na siku ya mbio watu walipanda juu ya vichuguu wakakaa, familia nzima na sufuria zao, wakaona uwanja wote kuanzia mwanzo hadi mwisho. Chini kina mama walipika bukari, ugali wetu, na samaki, moshi ukachanganyika na vumbi. Sijaona jukwaa la saruji lililonipa raha ile. Niliupenda uwanja ule. Naandika wazi hapa, kwa sababu mapenzi hayo ndiyo yaliyonikosesha.

Kosa lenyewe ni hili, na ni kosa la mtu wa Makomeno aliyekulia kwenye nyumba yenye bustani. Nje ya kona ya tano palikuwa na kichuguu kimoja kilichokaa vibaya, ndani kabisa ya mahali pa kuponea. Kamati ikaagiza kiondolewe. Mwezi wa nane wafyatua matofali wa jirani wakakichimba, maana udongo wa kichuguu ndio unaotoa matofali mazuri, wakakisawazisha mpaka pakawa kama sakafu. Mzee Ramazani hakuwepo. Alikuwa Kindu, kule Maniema, kwenye msiba wa dada yake. Nilikwenda peke yangu, nikapita na gurudumu, bati likagonga bila kikwazo, nikaandika kwamba kichuguu kimekwisha. Nikatia sahihi.

Sikuuliza swali ambalo mtoto yeyote wa pale angeuliza: je, mama wa mchwa ametolewa? Kichuguu ukikikata kichwa na ukamwacha mama yake chini, hakijafa. Na wafyatua matofali walimwacha kwa makusudi, kwa sababu wanawake wa mtaa waliwaomba. Kila mvua ya kwanza, kutoka kichuguu kile walivuna inswa, wale kumbikumbi wanene ambao sote tunawala tukijidai tunaonja tu. Kumtoa mama ilikuwa ni kuwaondolea mboga ya mwaka. Hakuna aliyenificha. Hakuna aliyeulizwa.

Mvua zikanyesha, zikaisha. Mwezi wa tano, kabla ya msimu wa mbio, kazi yangu ilikuwa kutembea viwanja vyote upya. Vingine nilivitembea kinyume, kila unyasi. Kwa Ramazani nilitembea barabara tu. Majani ya kona ya tano yalikuwa yamefika kiunoni, jua lilikuwa kali, na nilijiambia kwamba pale ni nyumbani, nyumbani hapakaguliwi. Nikaenda kula bukari.

Ndani ya yale majani mchwa walikuwa wameshajenga tena. Kilifika magotini tu, lakini kilikuwa kigumu kama saruji.

Siku ya mbio kijana mmoja wa pikipiki, Trésor, alikuwa wa pili na anamkaribia wa kwanza. Kwenye kona ya tano akapitiliza, akaingia mahali pa kuponea kama tulivyomfundisha, bila hofu, kwa kuwa mimi niliandika kwamba pako salama. Nilikuwa nimesimama juu ya kichuguu cha jirani. Niliona pikipiki ikiruka peke yake.

Alivunjika paja. Nilikwenda kumwona hospitalini nikiwa na machungwa, kama vile machungwa huunga mifupa, naye ndiye aliyeomba msamaha. "Mama Géomètre, mi njo nilikosa kona. Benye kushika bendera banisamehe, nilibaharibia mbio." Nikamenya chungwa.

Wiki iliyofuata kamati ikaketi. Rais wetu alikuwa daktari wa meno, mtu aliyezoea kuuliza watu wasioweza kujibu. Akauliza ni nani aliyekagua kona ya tano. Nilikuwa nimefungua kinywa. Kabla sauti haijatoka Mzee Ramazani akasimama.

"Président, mi njo nilimwambia kama kichuguu ilikwisha. Ye aliandika kenye nilisema. Kosa ni ya mi."

Alikuwa Kindu mwezi ule wote, na hakuna kwenye kamati aliyekumbuka. Mimi nilikumbuka. Nikanyamaza. Wakampa onyo kwa maandishi, yeye aliyewafundisha kazi wote waliokuwa pale, na uwanja wake ukakosa msimu mmoja. Mimi nikabaki mkaguzi, mwanamke wa pekee mwenye gurudumu mkoa mzima, jina safi.

Nilimfuata nje, alikuwa anafungua kufuli ya baiskeli.

"Papa, juu ya nini ulifanya vile?"

"Jina yangu ilishakomaa. Bakikata kipande, itabakia ingine. Ya kwako ingali mutoto." Akapanda baiskeli. "Lakini mama ya mchwa, Ngoie! Ata haukuuliza!" Na akacheka, akaondoka akiwa anacheka, mzee yule, na barua ya onyo mfukoni.

Uwanja ukarudi kwenye kalenda. Mama wa mchwa akatolewa, kina mama wakapewa kichuguu kingine cha kuvunia, na mimi nikawa mkaguzi mkali kuliko wote mliowahi kuwajua. Wengi mmenilalamikia kwa hilo. Sasa mnajua ukali ule ulizaliwa wapi.

Mzee akastaafu ukaguzi, macho yake yakaanza kupoteza nuru, lakini kila Jumamosi alipanda baiskeli, na baadaye nyuma ya manseba, yaani teksi ya pikipiki, akaenda kufagia uwanja wake. Nao mji ukawa unamfuata. Mwaka mmoja nyumba mbili, mwaka mwingine mtaa. Watu wanahitaji kulala mahali, siwalaumu. Njia ambayo gari la wagonjwa lilipitia kutoka uwanjani hadi barabara ya lami ikapata meza ya nyanya, kisha meza kumi, kisha soko, kisha katikati ya soko kanisa la hema lenye spika zinazosikika mpaka Karavia.

Wakati huohuo akatokea Papa Paluku. Ni mfanyabiashara wa jumla kutoka Butembo, mwenye malori, mtu wa sala ndefu na simu fupi. Alijenga uwanja wa lami upande wa barabara ya Kipushi. Nilipoenda kuukagua mara ya kwanza nilikwenda na sura ya mama mkwe. Ulikuwa laini, umepakwa rangi, hauna harufu. Kona zake zilifanana kama ndugu. Lakini nje ya kona ya mwisho alikuwa amejenga ukuta mzuri wenye jina lake, na nilipomwambia ukuta umekaa ndani ya mahali pa kuponea, hakubishana. "Mama, uniambie tu fasi ya kuvunja," akasema, na kesho yake ulikuwa umevunjwa. Mwenye uwanja anayekubali kubomoa jina lake mwenyewe, huyo nilimwandikia alama nzuri, nilipenda nisipende.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, kalenda ilibaki na nafasi moja. Ama Papa Paluku, ama Kwa Ramazani. Na ripoti ilikuwa ya kwangu.

Nilifanya kama nilivyofundishwa. Nilitembea kinyume, nikabisha hodi, ingawa sasa milango ilikuwa mingi hata ilinichukua siku mbili. Jumapili nikamwomba dereva wa gari la wagonjwa tutoke kona ya tano twende mpaka lami, kana kwamba tuna mtu nyuma. Tulipofika kwenye soko, muuza nyanya wa kwanza akainua meza yake kwa adabu, wa pili akainua, wa tatu akatuuliza kwanza ni nani mgonjwa. Kwenye kanisa la hema mhubiri alikuwa ndiyo kwanza anafungua Biblia. Viti vilikuwa njiani, na waumini juu ya viti. Tulipopata kupita alikuwa ameshafikia kuombea wagonjwa, akatuombea na sisi. Dereva akazima injini, akaniangalia. Nilikuwa namfikiria Trésor na paja lake, amelala nyuma ya gari lile, akisikiliza mahubiri mazima.

Sikutaka Mzee Ramazani apate habari kwenye mkutano. Nilikwenda Kamalondo, nikamkuta amekaa mbele ya karakana yake, anasikiliza wanawe wakichomelea geti na kuwakosoa kwa kusikia tu. Nikamweleza yote, njia, soko, kanisa. Akasikiliza hadi mwisho.

"Andika kenye uliona," akasema.

"Nitaandika, papa."

"Muzuri. Na mi nitakuya ku réunion, nitakupinga mbele ya bantu bote. Hii uwanja nilichimba na mikono."

"Njo haki yako, papa."

"Najua kama njo haki yangu. Ile haukunifundisha."

Na alinipinga kweli. Alikuja na koti lake la sikukuu, akashikwa mkono na mjukuu hadi kwenye kiti, akazungumza bila karatasi. Alisema juu ya majembe, na rafiki zake ambao wote wameshazikwa, na watoto waliojifunza kuendesha pale ambao leo wana watoto. Alisema kwamba uwanja wa goudron, yaani lami, ni wa watu wenye magari ya goudron. Alisema, na hapa sauti yake ikapasuka, kwamba mtu anaweza kumlea mtoto, akampa gurudumu lake, na mtoto akalitumia kumpimia kaburi. Nilikuwa nimekaa nikitazama meza. Nilitamani kuwa bado napima kuta za majirani.

Kamati ikalegea. Niliwaona wakilegea, mmoja mmoja. Daktari wa meno, naye sasa mzee, akakohoa na kusema: "Mama Ngoie, tuongeze mwaka moya tu. Ku miaka yote ile, Kwa Ramazani kulikuwa accident moya ya mubaya, na ile tunajua ni Mzee alisahau kichuguu. Kosa ya muntu moya. Uwanja yenyewe haina mubaya."

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Nilikuwa nimeficha miaka mingi mno. Nikasimama.

Nikawaambia kwamba Mzee Ramazani hakusahau kitu. Alikuwa Kindu, kwenye msiba. Mimi ndiye niliyetia sahihi, mimi ndiye sikuyapekua majani mwezi wa tano, na nilifanya hivyo kwa sababu niliupenda uwanja ule na mwenye uwanja kuliko viwanja vyote. Nikasema kwamba mkaguzi akishaanza kupenda, mchwa hujenga nyumba mbele ya macho yake na haoni. Bado naupenda, nikasema, na kwa sababu hiyo hiyo sitatia sahihi ya pili. Nikakaa.

Kisha wakapiga kura, na nafasi ikaenda kwa Papa Paluku.

Mzee Ramazani akamwomba mjukuu wake amwinue. Alipopita karibu yangu akasimama. Sikuwa naogopa matusi, maana matusi yake nilikuwa nimeyazoea. Alisema polepole, kwa ajili yangu peke yangu: "Uwanja, sawa. Lakini ile kintu nilikupatia, ulirudisha mbele ya bantu." Akaondoka. Hilo ndilo lililonikata maini. Nilikuwa nimemnyang'anya uwanja na zawadi pamoja, siku moja, kwenye mkutano mmoja.

Kesho yake nilikwenda kwa Trésor, ambaye siku hizi anauza vipuri vya pikipiki na anatembea akichechemea kidogo. Nilimwambia kabla hajayasikia sokoni. Akaendelea kupanga boliti zake. "Mama Géomètre, nilijuaka. Bale bamama ba inswa balikuya kuniona ku hôpital, bakanielezea yote. Balilia kupita we." Kumbe nilibeba mzigo mgongoni miaka yote hiyo na mwenyewe alikuwa ameshausamehe kabla machungwa hayajaisha.

Mzee Ramazani hakunisamehe upesi hivyo. Nilipita Kamalondo mara mbili, nikaambiwa amelala. Mara ya tatu nikaambiwa amelala nikiwa ninamwona dirishani. Nikaheshimu usingizi huo. Karamu yangu ya kustaafu ikafanyika, kukawa na hotuba na saa ya ukutani, na kiti chake kikabaki kitupu. Sikumbuki nilichokula.

Kisha zikaja mbio za kwanza za nafasi ile, kwenye lami ya Papa Paluku. Nilikwenda kama mtazamaji, nimelipa tiketi, nimekaa juani. Zilikuwa mbio nzuri, niseme haki. Gari moja liliteleza kona ya mwisho, pale palipokuwa na ule ukuta, likaingia mahali pa kuponea, likasimama, dereva akatoka anatukana. Nilipiga makofi peke yangu. Jirani yangu akaniuliza kama dereva yule ni mwanangu.

Asubuhi iliyofuata miguu yangu ikanipeleka Kamalondo bila kuniuliza. Alikuwa amekaa palepale mbele ya karakana, wanawe wanachomelea. Hakuwa amelala, na hakujifanya.

"Njo nani?"

"Njo mi, papa. Ngoie."

"Umekuya kupima nini tena? Nyumba?"

"Nimekuya kukusalimia."

Cheche zilikuwa zinaruka nyuma yake. Nilidhani ataniambia niende, nami nilikuwa tayari kwenda. Kisha akasogea kwenye benchi, kidogo tu, upana wa mtu mmoja.

"Nani alitoka premier, nani alishinda?" akauliza.

Nilishangaa. Ilikuwa Jumatatu. Mji mzima ulikuwa umeona mbio kwenye simu, na nyumba yake imejaa wajukuu wenye simu. Nikamwambia hivyo.

"Nilibakatazia," akasema. "Tangu jana. Ata muntu moya hapa asifungue kinywa, nilisema. Redio nilizima. Nilikuwa nakungoya we."

Nilikaa. Machozi yalikuwa yananitoka na namshukuru Mungu hakuyaona. Nikaanza na mstari wa kuondokea, nikampitisha mzunguko baada ya mzunguko, na jina la mshindi sikumwambia mpaka mwisho, kwa maana kila nilipotaka kulikaribia alinishika mkono akasema, polepole, mama, tungali mbali.